Bwawa la kupenyeza, bwawa la mchanga au ukuta wa chini ya mchanga: kijito chako kinataka lipi?

Bwawa dogo la kujaza maji ardhini likikaa limefurika hadi katikati ya kiangazi, wapita njia hulisifu. Kumbe hapo ndipo linapokuwa limeshindwa kazi yake. Maji ambayo yangekuwa yameshazama na kuingia kwenye visima yamebaki juu, jua linayanywa siku baada ya siku. Bwawa lililofanya kazi hukauka mapema, na faida yake huonekana kwenye kamba ya ndoo ya kisima kilicho mita mia mbili kutoka hapo.

Kwa hiyo anayechagua kwa kutazama ukuta au wingi wa maji anayoyaona atakosea. Maswali ya kuanzia ni mawili: chini ya kijito kuna nini, na mafuriko yake yanabeba nini? Ukishapata majibu, aina mbili kati ya tatu zinazolinganishwa hapa kwa kawaida hujiondoa zenyewe.

Aina zenyewe

Bwawa la kupenyeza ni ukuta mfupi, kwa kawaida mita 1 hadi 3, unaozuia maji ya wazi kwa siku au majuma machache ili yazame kwenye sakafu ya kijito. Yakishazama yanakuwa mali ya tabaka lenye maji na hayakai tena chini ya bwawa. Yanasambaa, na wewe unayachota kwenye visima vya pembeni na vya chini ya bonde.

Bwawa la mchanga linajengwa juu ya mwamba, kwenye mto wa msimu unaobeba mchanga. Mafuriko huujaza mchanga nyuma ya ukuta hadi ukingoni, kisha maji hukaa katika nafasi zilizo kati ya punje. Unayachota palepale kwa kisima kilichochimbwa ndani ya mchanga au kwa bomba lenye matundu lililolazwa chini yake.

Ukuta wa chini ya mchanga hauonekani. Unachimbiwa kukatiza mto ambao tayari una mchanga wa kina cha mita kadhaa, na unazuia maji yanayosogea taratibu chini ya mchanga huo baada ya mto wa juu kukauka.

Gabioni, yaani sanduku la wavu wa waya lililojazwa mawe, tumeiweka mwishoni kwa sababu peke yake haijazi maji ardhini kwa kiasi cha kuhesabika, ingawa ina kazi muhimu ya kusaidia.

Kinachoua moja ndicho kinachoifaa nyingine

Bwawa la kupenyeza linataka sakafu inayovuja: changarawe, mchanga mnene (wa punje kubwa) unaoendelea chini, au mwamba uliopasuka. Bwawa la mchanga na ukuta wa chini ya mchanga vinataka sakafu isiyovuja kabisa: mwamba mzima au mfinyanzi mgumu. Ufa wa mwamba ambao mjenzi wa bwawa la kupenyeza angeufurahia, mjenzi wa bwawa la mchanga anapaswa kuukimbia, maana atajaza mchanga na maji yatatoroka chini yake. Ndiyo sababu nakala ya mradi uliofaulu bonde la jirani inaweza kushindwa kwako bila fundi kukosea chochote. Kitui nchini Kenya kuna mamia ya mabwawa ya mchanga kwa sababu mito yake ya msimu inabeba mchanga wa punje kubwa juu ya mwamba mgumu ulio karibu. Wilaya ya Alwar huko Rajasthan, India, inajulikana kwa vibwawa vya udongo viitwavyo johad, vilivyofufuliwa kuanzia miaka ya 1980, na kazi yake kubwa ni kupenyeza maji hadi visimani. Ukibadilishana mafundi wa sehemu hizo mbili bila kubadilisha michoro yao, utapata hasara pande zote.

| | Bwawa la kupenyeza | Bwawa la mchanga | Ukuta wa chini ya mchanga |
|---|---|---|---|
| Sakafu inayotakiwa | Inayovuja | Isiyovuja, karibu na uso | Isiyovuja, mita 2 hadi 5 chini |
| Mafuriko yabebe | Tope kidogo iwezekanavyo | Mchanga mwingi wa punje kubwa | Haijalishi sana, mchanga tayari upo |
| Maji yanachotwa | Visima vya jirani | Palepale | Palepale |
| Lini linaanza kazi | Mafuriko ya kwanza | Baada ya msimu mmoja hadi kadhaa | Mafuriko ya kwanza |
| Kazi ya kila mwaka | Kukwangua tope | Kukagua kingo na mguu wa ukuta | Karibu hakuna |
| Mbu na konokono wa kichocho | Hatari ipo | Ndogo | Ndogo |

Vipimo vya kufanya kabla ya kununua mfuko hata mmoja wa saruji

Cha kwanza ni nondo. Chukua nondo ya milimita 16, urefu wa mita 4, ichonge ncha na ukate vijino ubavuni kila sentimita 25. Igongelee kwenye mchanga wa kijito kila baada ya mita 2 kutoka ukingo hadi ukingo, kisha rudia kila mita 20 ukipanda juu. Ikifika kwenye mwamba mzima itadunda mkononi na kulia mlio mkali. Ikifika kwenye mwamba uliooza itaendelea kushuka kidogo kidogo huku ikikwaruza. Ukiichomoa, angalia vijino: mchanga hudondoka wenyewe, mfinyanzi hung'ang'ania na inabidi uukwangue kwa kisu. Andika kina cha kila tundu. Mahali ambapo sakafu isiyovuja inainuka karibu na uso, huku nyuma yake kukiwa na kina kirefu, ndipo pa kujenga bwawa la mchanga au ukuta wa chini. Hapo asili imeshakujengea nusu ya beseni.

Cha pili ni usawa wa maji ya ardhini, na hiki hupuuzwa mno. Tafuta kisima kilicho karibu na kijito, na kwa mpira wa maji wanaotumia mafundi kupimia usawa, linganisha uso wa maji kisimani na sakafu ya kijito. Maji ya kisima yakiwa juu ya sakafu hiyo, ardhi inakitolea kijito maji; yakiwa chini yake kwa nusu mita tu, ardhi imekaribia kujaa. Haina nafasi ya kupokea. Bwawa la kupenyeza hapo ni kazi bure. Unataka uso wa maji uwe mita 3 au zaidi chini ya sakafu wakati mvua zinaanza.

Cha tatu, kwa bwawa la kupenyeza, ni kasi ya kuzama. Gongelea pipa lisilo na kitako, lenye kipenyo cha sentimita 30 au zaidi, kiasi cha sentimita 15 ardhini. Jaza maji, acha yalowanishe udongo kwa saa kadhaa, jaza tena, kisha pima yanashuka milimita ngapi kwa saa. Mchanga hupitisha zaidi ya milimita 30 kwa saa, tifutifu ya kichanga 20 hadi 30, tifutifu 10 hadi 20, tifutifu yenye mfinyanzi 5 hadi 10, na mfinyanzi 1 hadi 5. Usichukue namba ya pipa na kuipigia hesabu ya bwawa zima. Maji ya pipa yanaponyoka kwa pembeni, na bwawa halisi litapata tope. Sisi tunashauri kupanga kwa sehemu moja ya kumi ya kipimo hicho.

Cha nne, kwa bwawa la mchanga na ukuta wa chini ya mchanga, ni mchanga wenyewe. Jaza ndoo ya lita 20 kwa mchanga mkavu wa kijito, mimina maji hadi yaonekane juu, kisha toboa chini na ukusanye yanayotoka kwa saa moja au mbili. Ukipata lita 5 hadi 7, mchanga ni mzuri: asilimia 25 hadi 35 ya ujazo wake ni maji unayoweza kuyachota. Ukipata chini ya lita 2, punje ni ndogo mno. Maji yatakuwemo lakini yatang'ang'ania humo, na kisima chako kitajaa polepole mno kuweza kutumika.

Cha tano ni chupa tatu za maji ya mafuriko, moja mwanzoni, moja katikati, moja yanapopungua. Ziache zitulie siku nzima, mwaga maji ya juu, kausha kilichobaki na ukipime kwa mizani. Uzito huo ndio utakaoamua bwawa lako la kupenyeza litaishi muda gani.

Kijito kilekile, hesabu tatu

Tuchukue kijito chenye upana wa mita 12, kingo zilizosimama, mteremko wa mita 1 kwa kila mita 100, na ukuta wa mita 2 juu ya sakafu. Maji yatarudi nyuma mita 200. Umbo lake ni la kabari, hivyo ujazo ni nusu ya 2 × 200 × 12, yaani mita za ujazo 2,400.

Kama ni bwawa la kupenyeza lenye sakafu safi inayopitisha milimita 100 kwa siku, na uvukizi ni milimita 6 kwa siku, uso wa maji utashuka milimita 106 kila siku. Bwawa litakauka kwa siku 19 hivi, na kiasi cha mita za ujazo 2,260 zitakuwa zimezama. Mafuriko yakilijaza mara tatu kwa msimu, yakipishana vya kutosha, umeingiza karibu mita za ujazo 6,800.

Sasa weka tope juu ya sakafu ileile hadi upenyaji ushuke kufikia milimita 4 kwa siku. Uso unashuka milimita 10 tu kwa siku, maji yanakaa siku 200, na asilimia 60 yanaondoka na jua. Zilizozama ni mita za ujazo 960, na hakuna nafasi ya kupokea mafuriko yanayofuata. Ukuta haujapata ufa wowote, na ukilitazama bwawa utaliona zuri kuliko zamani.

Kama ni bwawa la mchanga wenye asilimia 30, nafasi hiyohiyo ina mita za ujazo 720 za maji ya kuchotwa. Kwa kweli huwa ni zaidi kidogo, kwa kuwa uso wa mchanga hauwi bapa kama maji bali hupanda kuelekea juu ya mto, na kingo nazo hulowa na kurudisha maji taratibu. Likijaa tope lenye asilimia 5 badala ya mchanga, unabaki na mita za ujazo 120.

Ukuta wa chini ya mchanga unaoinua maji kwa mita 2 ndani ya mchanga wa aina hiyo, juu ya mwamba wenye mteremko huohuo, hukupa vilevile kama mita za ujazo 720. Namba haibadiliki, ila hapa hakuna ukuta wa kupigwa na mafuriko.

Namba hizi zinaonyesha jambo ambalo mara nyingi hufichwa na majina. Bwawa la kupenyeza lililo safi hupitisha maji mengi zaidi kwa mbali, lakini huyaingiza kwenye tabaka la wote, yakasambaa. Bwawa la mchanga na ukuta wa chini ya mchanga huhifadhi kidogo, lakini unajua yako wapi na nani atayachota. Kijiji kinachotaka maji ya kunywa mahali pamoja kinahitaji ghala. Bonde lenye visima hamsini vinavyokauka linahitaji kupenyeza.

Bwawa la kupenyeza: adui ni tope

Hesabu ya chupa zile: maji yenye gramu 5 za tope kwa lita, yakijaza mita za ujazo 2,400, yanaleta tani 12. Yakitua kwenye eneo la mita za mraba 2,400 ni tabaka la milimita 4 hivi kwa kila ujazo, bila kuhesabu yanayopita juu ya ukuta na kuacha mzigo wao njiani. Milimita chache hizo zinatosha kuziba mchanga. Ukienda bwawani kiangazi utalikuta tope limekauka na kupasuka vipande vilivyojikunja kingo. Inua kimoja kwa vidole: chini yake mchanga bado ni msafi na mkavu, kama vile maji hayajawahi kuufikia. Kizuizi chote ni hicho kipande ulichoshika.

Kwa hiyo kazi ya kila mwaka ni kukwangua tabaka hilo likiwa limekauka na kujikunja, pamoja na sentimita 5 hivi za mchanga wa chini yake ambazo tayari zimeingiwa na tope. Tumia majembe, mabeleshi na matoroli. Mashine nzito inashindilia sakafu, na unarudi ulikotoka. Tope lenyewe ni udongo wa juu wa mashamba ya jirani. Lirudishwe shambani, wala lisimwagwe ukingoni ambako mvua italirudisha bwawani.

Njia nyingine ni kulipunguza tangu mwanzo. Acha tundu la upana wa mita 1 katikati ya ukuta, lifike hadi sakafuni, lenye mifereji pembeni ya kushikilia mbao. Mafuriko ya kwanza ya msimu ndiyo machafu zaidi, kwa sababu yanafagia ardhi tupu. Yaache yapite. Mbao zinawekwa baada ya hapo, na kati ya safu mbili za mbao unashindilia mfinyanzi. Tundu hili linahitaji mtu anayeishi karibu na aliyekubali kazi hiyo. Kama hayupo, usilijenge, maana mbao zikisahaulika ndani au nje bwawa halina maana.

Pale ambapo sakafu ina mfinyanzi mwembamba juu na mchanga chini, mtu hushawishika kuchimba shimo la kupenyeza ndani ya bwawa, lenye mawe makubwa chini, changarawe katikati na mchanga mnene juu kama chujio. Linafanya kazi, kwa kasi nzuri, hadi mchanga wa juu unapoziba. Hapo unautoa na kuweka mwingine. Ila jihadhari: shimo linalofika moja kwa moja kwenye maji ya ardhini linapeleka kinyesi cha mifugo na dawa za mashambani bila kuchujwa na udongo. Liishie mita kadhaa juu ya usawa wa maji, la sivyo acha.

Msingi nao una kanuni yake. Bwawa la aina hii mara nyingi halikai juu ya mwamba, hivyo maji yanatafuta njia chini ya ukuta. Yakipata kasi yanabeba punje, yanatoboa mfereji, na ukuta unabaki unaning'inia. Kanuni ya zamani ya mhandisi Bligh inataka njia ya maji chini ya ukuta iwe mara 15 ya kimo cha maji kwenye mchanga laini, mara 12 kwenye mchanga mnene, na mara 5 hadi 9 kwenye mchanganyiko wa mawe, changarawe na mchanga. Kuzuia mita 1.5 juu ya mchanga mnene kunahitaji njia ya mita 18. Ukuta wa kukinga uliochimbiwa mita 2 unahesabiwa mara mbili, kushuka na kupanda, na zinazobaki zitoke kwenye sakafu ya zege au mawe. Wengi wakifanya hesabu hii hugundua kuwa kuta tatu za nusu mita ni nafuu na salama kuliko moja ya mita 1.5, na sakafu yenye maji haipungui.

Bwawa la mchanga: usikimbilie kimo

Kosa linaloharibu mabwawa ya mchanga kuliko yote ni kuujenga ukuta wote kwa mara moja kwenye mto unaobeba mchanga na tope kwa pamoja. Nyuma ya ukuta mrefu maji hutulia, na maji yaliyotulia huangusha kila kitu, tope likiwemo. Yanajengeka matabaka ya tope kati ya mchanga, na maji hayapiti tena kutoka tabaka moja hadi jingine. Ukuta ukianzia sentimita 30 hadi 50 juu ya sakafu, mafuriko hupita kwa kasi, mchanga mzito hubaki na tope huvuka. Ukishajaa mchanga, unaongeza sentimita 30 hadi 50 nyingine msimu unaofuata. Kila unapoishia, acha mawe yamechomoza juu na usilainishe kwa mwiko, ili hatua inayofuata ishikane. Mto unaobeba mchanga mnene mtupu unaweza kujengwa kwa mkupuo, lakini chupa na ndoo ndizo ziseme hivyo, si hamu ya kumaliza.

Mchanga uliolowa unasukuma ukuta kuliko maji peke yake. Maji ya mita 2 yanasukuma kila mita ya urefu wa ukuta kwa uzito wa karibu tani 2. Ongeza mchanga na msukumo unapanda kwa kama theluthi moja. Ukuta wa mawe unaotegemea uzito wake unahitaji kitako chenye upana wa karibu robo tatu ya kimo. Mchanganyiko uwe saruji sehemu 1 kwa mchanga 3 au 4, mchanga uliooshwa, na kila mita ya ujazo ya ukuta itakula takriban mifuko miwili na nusu hadi mitatu ya kilo 50. Mawe yasigusane makavu. Kila jiwe lilale kwenye saruji. Mwagilia kwa siku 21 angalau, ukuta umefunikwa kwa magunia. Mwamba wa msingi unasuguliwa kwa brashi ya chuma na kuoshwa hadi uonekane rangi yake, kisha unapakwa uji wa saruji kabla ya jiwe la kwanza.

Faida yake ya pekee ni kivuli cha mchanga. Maji yakishashuka sentimita 60 chini ya uso, uvukizi unabaki kuwa kama sehemu ya kumi ya ule wa maji ya wazi, au pungufu. Na kwa kuwa hakuna dimbwi, mbu hawana pa kuzalia. Usiharibu faida hiyo kwa kuacha watu na mifugo wachimbe mashimo wazi kwenye mchanga. Laza bomba lenye matundu juu ya mwamba, lizungushie changarawe, lipeleke kwenye kisima kilichofunikwa ukingoni.

Kimo kinaamuliwa na kingo

Hili linahusu kuta zote mbili za juu. Sehemu ya katikati, utoro wa maji, ndiyo inayopitisha mafuriko, na mabawa ya pembeni lazima yabaki makavu. Tafuta alama ya mafuriko makubwa kwenye kingo: takataka zilizonasa mitini, mstari wa mmomonyoko. Tuseme maji yalikuwa na kina cha mita 1 kwenye upana wa mita 12, yakienda mita 2 kwa sekunde: hizo ni mita za ujazo 24 kwa sekunde. Utoro hupitisha takriban 1.7 × urefu wake × kina cha maji juu yake kilichopandishwa kwa kipeo cha 1.5. Kwa utoro wa mita 12, kina kitakuwa mita 1.1. Ongeza nafasi ya usalama ya sentimita 40, na mabawa yanatakiwa kusimama mita 1.5 juu ya utoro. Kwa ukuta wa mita 2, kingo ziwe na mita 3.5. Kingo zikiwa na mita 2.5, ukuta wako ni mita 1, hata kama fedha za mita 2 zipo. Anayepuuza hesabu hii hukuta mto umehamia pembeni na ukuta umesimama mzima mahali pakavu.

Mabawa yaingie ukingoni mita 1.5 hadi 2 kwenye udongo mgumu, na zaidi sana kwenye udongo laini. Upande wa chini, maji yanapoangukia, panga mawe makubwa yaliyobanwa kwa urefu wa angalau mara mbili ya kimo cha maporomoko, isipokuwa yanaangukia mwamba.

Ukuta wa chini ya mchanga

Tunaupendekeza mara nyingi kuliko unavyojengwa. Watu hawaupendi kwa sababu ukimalizika hakuna cha kuonyesha. Kama nondo yako imekuta mchanga mzuri wa mita 3 juu ya mfinyanzi au mwamba, ghala limeshajazwa. Linakosa mlango tu.

Kazi kubwa ni uchimbaji, na hufanywa mwisho wa kiangazi maji yakiwa chini kabisa. Mchanga hausimami, hivyo mfereji wa kina cha mita 3 wenye kitako cha mita 1 unahitaji kingo zilizolala mita 1.5 kwa kila mita 1 ya kina. Kwenye mto wa mita 12 hizo ni karibu mita za ujazo 200 za mchanga. Asishuke mtu kwenye mfereji wenye kingo zilizosimama. Mchanga ukiporomoka hautoi onyo.

Mfinyanzi unajengwa kwa matabaka ya sentimita 15, kila moja likishindiliwa kabla ya jingine, ukiwa na unyevu wa kukuwezesha kuuviringisha kama penseli bila kukatika. Uingie ndani ya sakafu isiyovuja kwa sentimita 30 au zaidi, na ndani ya kingo pia. Uishie nusu mita hadi mita 1 chini ya uso wa mchanga, mafuriko yasije yakauchimbua na maji yasije yakajaa hadi juu na kuleta chumvi kwenye mashamba ya kando. Pasipo na mfinyanzi, plastiki nene hutumika, ikilindwa na mchanga laini pande zote; tundu moja la jiwe lenye ncha linatosha kuivujisha kwa miaka.

Ukuta wa namna hii una kasoro moja isiyorekebishika kwa urahisi: ukiacha upenyo kwenye sakafu, huuoni. Simamisha bomba la kupimia maji upande wa ukuta unaoelekea juu ya mto na jingine upande unaoelekea chini ya mto. Miezi miwili baada ya mvua, maji ya upande wa juu yawe yameinuka waziwazi kuliko ya upande wa chini. Yakiwa sawa, kuna mahali panapovuja, na ni kwenye kiungo cha sakafu karibu kila mara.

Gabioni, na kijito kinachofaa aina mbili

Gabioni hupitisha maji katikati ya mawe, hivyo haishiki kimo cha maji. Faida yake ni kupunguza kasi na kunasa tope kabla halijafika kwenye bwawa la kupenyeza. Tumia mawe makubwa kuliko matundu ya wavu, ya sentimita 15 hadi 25, yapange kwa mkono, na weka kitambaa cha kuchuja chini yake, la sivyo mchanga utaondoka na sanduku litazama. Kwa mfululizo, kitako cha ya juu kiwe usawa mmoja na kilele cha ya chini: kwenye mteremko wa mita 3 kwa 100, gabioni za mita 1 zinapishana mita 33.

Kijito kikifaa ukuta wa chini ya mchanga na bwawa la mchanga kwa pamoja, anza na wa chini, ukitumia mawe au zege kwenye kitako ili uweze kuuinua baadaye. Ukikuta sakafu inavuja sehemu ya juu na haivuji sehemu ya chini, jenga la kupenyeza juu na la mchanga chini. Sehemu ya maji yanayozama juu inaweza kupokelewa pale chini.

Kabla ya yote hayo, anza kupima kisima kimoja au viwili kila wiki, msimu mzima kabla ya ujenzi, kwa kamba yenye uzito na kwa kuanzia alama ileile mdomoni mwa kisima. Mamlaka ya maji itakuuliza takwimu hizo unapoomba kibali, na jirani wa chini ya mto atakuuliza pia kama umemkatia maji yake. Baada ya ujenzi endelea na kisima kilekile, na pima kingine kilicho mbali na kijito, ili usihesabu mvua nzuri ya mwaka mmoja kuwa ni kazi ya bwawa.